Kipa wa Changamwe

Ijumaa, 10 Januari

Nimeosha basi, nimeosha jezi, nimejiosha mimi. Kwa mpangilio huo. Leo tumewafunga Nyanza nne bila. Nina bahati ya ajabu, na sijisifu, nasema ukweli, tena hapa hakuna wa kunibishia. Juba, Doha, Dubai, kote nilikuwa dereva tu. Riyadh nimekuwa kocha, bingwa mara tatu mfululizo. Na shule niliachia kidato cha pili! Wachezaji wananidondokea wenyewe kama tende zilizoiva.

Ligi yetu si kubwa. Timu nne za Wakenya, tatu hapa, moja Jeddah. Magharibi, Nyanza, Pwani, Bonde la Ufa. Kila mtu anachezea kule alikozaliwa. Kanuni hiyo niliileta mimi, Hamisi akaikubali. Haki tupu. Hakuna kunyang'anyana watu.

Hamisi ni kocha wa Pwani. Ligi tuliianzisha sisi wawili. Tunalala chumba kimoja hapa Manfuha. Anakaanga kuku kwenye mkahawa wa wali wa bukhari, kwa hiyo chumba kinanuka kuku hata Mungu akitaka kisinuke. Leo hakuwa na mechi. Alikaa pembeni anawatazama wachezaji wangu wa akiba, mmoja mmoja. Nilimwona.

Jumapili, 12 Januari

Uwanja wa ndege tangu alfajiri. Kampuni yetu ni ya usafi, na wafanyakazi wapya nawachukua mimi. Nina utaratibu wangu: jina kwanza, maji baadaye. Ukisema Barasa, Wanjala, Shikuku, majina ya kwetu Magharibi, unakaa mbele kando yangu, na ugali wako wa kwanza Saudia unaulia chumbani kwangu. Ukishakula, umesajiliwa. Ukisema jina jingine, nakupa maji, nakutakia kazi njema, habari za ligi sikuambii.

Leo kashuka Moses Wekesa. Mrefu kama nguzo ya stima. Viganja kama sinia. Kipa! Nilimkumbatia kabla hajashusha begi. Ugali kaongeza mara mbili, Hamisi akampa na kuku wake. Jezi ya Magharibi amelala nayo.

Nina makipa wawili tayari. Sasa watatu. Si nilisema bahati?

Jumanne, 14 Januari

Nimemuuliza Wekesa kwao Bungoma ni upande gani. Kacheka. Kazaliwa Changamwe, Mombasa. Kakulia Changamwe. Baba yake alikwenda kufanya kazi bandarini, hakurudi tena. Bungoma yeye kafika mara mbili, zote mazishi. La kwetu ni jina tu.

Basi lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu. Ikawa kijani, nikapigiwa honi.

Kwa kanuni yangu mwenyewe, huyu ni wa Hamisi. Nimemwambia: ukiulizwa, sema Bungoma. Akaniangalia.

"Lakini nitadaka, kochi?"

Utadaka, nikamwambia. Atadakia wapi? Mbele yake wako wawili.

Simwachilii. Wala simhitaji. Sitaki tu Hamisi ampate. Nimeandika hivyo, nimesoma tena. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 17 Januari

Leo ilikuwa sisi na Pwani. Wamefika tisa. Wawili kafili, mwajiri wao, amewanyima ruhusa, mmoja ikama yake, kibali cha kukaa, imekwisha, anaogopa kutoka nje. Mechi haikuchezwa, tumepewa ushindi wa bure. Benchi langu limejaa watu wazima wanatafuna mbegu za alizeti, na ng'ambo Hamisi ana watu tisa wanafunga kamba za viatu polepole, labda mwenzao atatokea.

Hakutokea.

Koech amepiga simu kutoka Jeddah. Huyo ndiye kocha wa Bonde, na ndiye anayeshika sheria za ligi. Ametukumbusha: timu ikikosa watu kumi na moja mara mbili, halas, inatoka. Pwani wameshakosa mara moja. Mechi za mwisho zote ni Jeddah, tarehe 31. Pwani marudiano na sisi. Tukishinda, kombe la nne ni letu. Tukitoka sare, ni la Bonde.

Na Pwani wasipotimia, kombe tunalipata bure, wao wamekwisha. Kwa Hamisi Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayempigia kelele alete kuku.

Usingizi hauji. Kuku wamezidi kunuka, labda.

Ijumaa, 24 Januari

Siku mbaya.

Wekesa alikuja chumbani asubuhi na unga, hiliki na tui la nazi la kopo. Anataka kutushukuru kwa ule ugali. Nikamwacha. Mimi na akili zangu zote! Akakanda, akakata pembe, akakaanga. Yakavimba kama mito. Mahamri ya Pwani kabisa.

Mluhya gani wa Bungoma anakanda mahamri namna ile?

Hamisi aliuma mara moja. Akaacha kutafuna.

"Mwanangu, haya kakufunza nani?"

"Mama."

"Mamako wa wapi?"

Wekesa akanitazama mimi. Mafuta yakaanza kuungua, hakuna aliyezima jiko.

"Bungoma," akasema. Aliliambia karai.

Hamisi akaliweka hamri chini nusu, akaenda kunawa. Angenitukana ningejua la kumjibu, matusi ninayo ya nchi nne.

Nimekula sita. Matamu sana. Hasira zimenijaa.

Jumatatu, 27 Januari

Hamisi hasemi nami. Anachemsha chai ya mtu mmoja. Miaka yote hii sufuria ni moja, chai ya wawili.

Anapiga simu huku na huku kutafuta watu. Amempata mzee wa Lamu, mlinzi wa ghala, goti bovu. Amempata. Amefurahi mtu kupata goti bovu!

Nimemweleza Wanjala, nahodha wangu, habari za Wekesa.

"Usithubutu, kochi. Ukimtoa tukakosa kombe, kwenye basi hupandi."

"Basi naliendesha mimi, mjinga wewe."

Tumecheka. Yeye alicheka kidogo.

Wekesa naye kaniuliza tena leo, kwa adabu, kama anaomba chumvi. Atadaka? Nikamfokea. Baadaye nikamnunulia shawarma. Haikusaidia. Kaila bila kuinua macho.

Alhamisi, 30 Januari

Kandara, Jeddah. Nyumba ya kulala wageni, watu sita kwa chumba, feni moja inayozunguka kwa kusitasita.

Bosi alitupa basi, tukasafiri timu mbili pamoja, sisi na Pwani. Tukiwa bado Manfuha, watu wameshakaa, beki wa Pwani akapigiwa simu. Kafili wake. Madam ana safari, rudi sasa hivi. Kijana wa watu akashuka na begi lake. Walikuwa kumi na mmoja pamoja na yule mzee. Wakawa kumi.

Hamisi akasema tu, "Yalla, twende." Akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Safari za mechi, kiti cha mbele kando yangu ni chake tangu ligi ianze. Leo kimekuwa kitupu Riyadh mpaka Jeddah. Nikaweka chupa ya maji pale, ikawa inaanguka kila kona.

Njia nzima hakuna aliyeimba. Kwenye kioo namwona Wekesa kapakata glavu zake mpya. Kazinunua mwenyewe. Nyuma yake kichwa cha Hamisi, kipara kinang'aa.

Nawachukia wote wawili. Hapana.

Ijumaa, 31 Januari

Uwanja uko Ruwais. Jasho tupu, hewa nzito ya bahari.

Koech alipita mbele ya Pwani akihesabu kwa kidole. Akafika mwisho, akarudia.

"Kumi, Hamisi."

"Nimeona."

"Mzee wangu, hii sheria tuliipitisha sote."

"Nimesema nimeona, Koech. Wewe fanya kazi yako."

Hakunitazama. Angenitazama, nadhani ningebaki pale pale nimekunja mikono. Alikuwa anamfunga yule mzee bandeji gotini. Mechi haipo, yeye anafunga bandeji.

Nikasikia sauti inapiga kelele. Ilikuwa yangu.

"Wekesa! Vua hiyo jezi! Nenda kwenu!"

Wote wakageuka. Wanjala akaniita jina ambalo siliandiki hapa, maana mama alinilea vizuri. Nikamwambia Koech kijana ni wa Changamwe, mzaliwa, na mimi nimejua tangu wiki ile aliyotua. Koech akauliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Nilitamani niongeze kichekesho. Koech akahesabu upya: kumi na mmoja.

Wekesa alivua jezi haraka hata akaichana begani. Hamisi akampa ya Pwani, imemfika kitovuni. Hakumsema. Alimshika kichwa tu, kama unavyoshika cha mtoto wako akitoka shule.

Tukacheza. Mungu wangu, mechi! Tulifunga mapema, nikajua ni zile zile za siku zote. Kumbe. Yule mnara golini anapiga kelele: "Yuwaja nyuma yako! Yuwaja! N'achia mimi!" Kila mpira wake. Kipindi cha pili wakasawazisha. Mwishoni Wanjala kapiga kichwa, karibu kabisa, nikaruka juu nikijua ni bao. Wekesa kaudaka kwa mkono mmoja kama mtu anachukua kofia yake kwenye msumari.

Sare. Moja kwa moja. Kombe limebaki Jeddah, Bonde wamelibeba.

Sina sauti. Nimeimaliza kwa kupiga kelele, na mimi sikucheza hata dakika. Mara tatu nimekuwa bingwa, sijawahi kuimaliza.

Jumamosi, 1 Februari

Tumerudi Manfuha. Timu yangu haijanisemesha, ila Wanjala aliposhuka alinigonga begani, kwa nguvu iliyozidi kidogo.

Tulipotoka Kandara asubuhi Hamisi alikuja mbele. Akaitoa ile chupa ya maji, akakaa. Tukafika Taif. Akamenya chungwa, akawa ananipa kipande kimoja kimoja nikiwa naendesha. Nyuma wote wamelala, Wekesa kaweka miguu njiani, glavu kifuani.

Sasa Hamisi anachemsha chai. Sufuria kubwa.

Nimerudi kusoma niliyoandika tarehe 10. Ile bahati ni uongo. Sijawahi kuwa na bahati. Nilikuwa na basi la uwanja wa ndege, na kanuni niliyojitungia mwenyewe.