Mashine ya Video za Mama

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimenunua kompyuta kuukuu kwa Tanveer, yule fundi wa mjini. Ofisi fulani iliitupa. Vumbi lililomo ndani — unaweza kupanda viazi! Tanveer anasema itaweza: niijaze video za familia, TV izivute kwa wifi. DVD player yetu ilikufa zamani.

Mama ametoka hospitali, yuko kwangu hapa Kiamunyi. Moyo umechoka. Anataka video tu, hasa za kaka yangu Maina.

Maina tulimzika Kabazi mwezi uliopita, Mama akiwa ICU. Ajali, barabara ya Naivasha. Uncle Kang'ethe akaamua Mama asiambiwe mpaka apate nguvu. Kwa hivyo Mama anaambiwa Maina yuko kazini Olkaria, kazi ni nyingi, network mbaya. Nilimwambia Uncle njia ya mwongo ni fupi. Akaniuliza kama nataka kuzika wawili. Namchukia kwa hilo swali.

Jumatatu, 9 Juni

Mashine ilikataa kuwaka. Tanveer akachomoa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, akaisugua kwa raba ya penseli — ikawaka!

"Tabby, usiicheke. Hii mzee itatuzika sisi wote."

Kisha akakumbuka. Akaomba msamaha mpaka nikamhurumia.

Nimenakili graduation ya Maina. Anacheza vibaya, joho limekaa upande. Nimelia nikingoja ile asilimia ifike mia.

Alhamisi, 12 Juni

Inafanya kazi! Mama amemwona Maina na joho lake, akapiga vigelegele kwa kasauti kadogo.

"Mwambie akuje Sunday. Sitaki simu, nataka yeye."

Nikasema nitamwambia. Mdomo wangu huu!

Binamu yangu Jackie ameleta flash yenye video za harusi yake. Kila kitu kilichokuwa kwenye flash nimekimwaga ndani ya mashine. Nilichoka. Sikuangalia.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani. Wimbo wa mazishi nimeusikia kabla sijafungua mlango.

Jackie ndiye aliyemleta mtu wa video siku ile Kabazi. Flash ni ileile. Na hii mashine huweka video mpya mbele, halafu inajichagulia yenyewe picha ya kuonyesha. Imechagua jeneza, na juu yake picha ya Maina akiwa na joho. Mama alibonyeza tu. Mama gani asingebonyeza?

Ameitazama yote. Hakulia. Hakuanguka! Wiki zote hizi tukiuogopa moyo wake. Ameisimamisha pale kaburini, tunapotupa mchanga mmoja mmoja — mimi, Uncle, Jackie, majirani, hata watu wa kazini kwa Maina ambao hatuwajui majina.

"Na mchanga yangu, nani alitupa?"

Nikasema pole, Mama. Akauliza tena.

Hakuna. Tulikumbuka viti, tukakumbuka hema na chakula, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumtupia wake.

Niko jikoni, nimemwambia nachemsha chai. Sijawasha hata moto. Pikipiki ya Uncle iko getini, ameleta maziwa kama kila Jumapili. Anapiga honi. Mama ameita kutoka sebuleni, sauti yake ile ya zamani kabisa.

Amesema nisifungue.