Kadi Mahali pa Faili

Mdogo wangu,

Tangu nianze kazi ya kupeleka hati za mahakama, swali moja halijaniacha: je, mjumbe ana sehemu yake katika kile ambacho ujumbe wake unafukua? Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kama hupata usingizi.

Hapa nyumbani ni salama. Chumba chako nimekipaka rangi, ingawa hakuna wa kulala humo.

Jumatatu nilipeleka wito kwenye masjala ya ile ofisi uliyoiacha ulipohama. Mahakama inataka faili la familia zilizobomolewa nyumba. Mtunza masjala alirudi na kadi tu.

“Faili limetembea, dada,” alisema. “Mafaili ya huku hayana miguu, lakini kwa safari yanatushinda.”

Kadi hiyo huachwa rafuni mahali pa faili, ikiwa na sahihi ya aliyelichukua. Sahihi ni yako.

“Unamfahamu?”

Nikamjibu kwamba mwandiko hausomeki. Ulikuwa unasomeka vizuri.

Ijumaa nitaapa mbele ya mahakama na kueleza nilichoonyeshwa. Jina lako nitalitaja, kwa sababu familia zile hazina ushahidi mwingine. Nisichokijua ni kama ulilichukua ili kulificha au kuliokoa. Kadi ina nafasi ya tarehe, haina nafasi ya sababu. Ningeweza kukupigia simu nikuulize, lakini nahofia nitakuamini kabla hujamaliza kusema.

Dada yako,
ambaye bado hutenga vikombe viwili