Komeo la Choo cha Chamazi

Chamazi, Ijumaa baada ya swala

Shoga yangu Yasmini,

Salamu nyingi. Magoti yako huko Kilwa yanasemaje? Yangu yanalia kama kitanda cha kamba, mengine Alhamdulillahi.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba choo changu kimepata komeo. Miaka kumi na moja tumejisitiri kwa kukohoa, sasa mtu anajifungia ndani kama waziri. Fundi ameliweka juu chini, lakini linafunga.

Limewekwa kwa ajili ya mwanao. Lulu yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Usishtuke, anakula.

Unajua alivyokuwa akijitayarisha. Daktari alimwambia ule ugonjwa wake wa utumbo mpana utulie kwanza miezi sita mfululizo, bila damu, ndipo ajaribu mimba. Na vidonge asiviache, hata mimba ikiingia. Kila siku akaweka alama kwenye kalenda, hadi akafika mwezi wa tano. Wifi yake Tabu, pale Kipawa, mwanamke mwenye adabu ya kuku kwenye unga, alikuwa akihesabu mwenzie anavyokwenda chooni kama refa, kisha akawaambia wageni kwamba tumbo linalovuja halishiki mtoto. Mbele ya sahani ya wali! Mie nilimjibu kwamba lake kweli halivuji, ndiyo maana yote humtokea mdomoni.

Damu iliporudi nilikupigia nikakwambia ni mchuzi wa pweza aliokula kwa Tabu. Ukamlaani, nikaitikia amina. Ukoo mzima ukamnunia, nami, shoga, nikafurahi.

Sasa kaa chini. Pweza hana kosa.

Mimi ndiye somo wa Lulu. Nilimfunda siku saba, basi nikajiona namiliki na tumbo lake. Yule daktari nilimdharau: kijana wa ndevu tatu atanifundisha nini mie niliyewacheza wanawali arobaini? Nikamwita Lulu kwangu, nikamwambia mtoto halali nyumba chafu, aache vidonge, nikamchemshia sanamaki, yale majani ya kuendesha, kama ninavyowasafisha wanawali wote. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamcheka. Alikunywa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta chooni, amekaa sakafuni, mlango ameuzuia kwa mguu, kanga imelowa damu.

Daktari alimuuliza ametumia nini. Akanitazama, akasema hakumbuki. Ya somo hayatoki nje: nilimfundisha mwenyewe, na amefuzu. Nami nikanyamaza, mtu mzima na mtandio wangu.

Jumatatu nilirudi peke yangu kwa yule wa ndevu tatu, na pakiti ya majani mkononi, nikasema yote. Hakunigombeza. Alinishukuru, na hilo ndilo lililoniuma. Jana nilikwenda kwa Tabu. Yeye hakuniangusha, alinitukana vizuri sana, na kila neno lilikuwa langu.

Lulu amerudi kwenye vidonge. Leo siku ya sita hajaona damu. Kalenda tumeanza upya, mwezi wa kwanza, na kalamu amenikataza kuishika.

Wasalimie wote wanaonikumbuka kwa wema, maana watapungua. Ukija kunigombeza, ukikuta choo kimefungwa kwa ndani, ni mimi humo.

Mwenzio,
Zubeda