Breki ya Kubembelezwa

Kitale, Jumamosi, Juni 2008

Ati nisikanyage breki kwa nguvu! Nimeenda hadi Bungoma kununua usukani na pedali za kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta, halafu muuzaji ananiambia breki inataka kubembelezwa. "Lakini angalia mataa yake, bana!" Mataa! Kwani ni disko?

Nikamwachia takataka yake, nikachukua usukani mwingine, mweusi, wenye breki nzito.

Nyumbani, kona ya kwanza tu, nikakanyaga sawasawa. Pedali zikateleza kwenye sakafu ya polishi hadi chini ya kabati. Nimezizuia na gunia la mahindi. Sasa hazitingishiki.

Mke wangu amesimama mlangoni akinitazama kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Baba Nekesa, hilo gunia si ndilo la kusaga Jumatatu?"