Baridi ya Kitandani kwa Mama

Jumatatu, 8 Januari

Barafu tena kwenye kioo. Upande wa ndani! Kidude cha hita ukutani kinasema nyuzi ishirini na mbili. Kipimajoto nilichokitundika juu ya kitanda cha Mama kinasema kumi na moja. Sasa mwongo nani? Hita inavuma, gesi inakwisha, na miguu yangu imekufa ganzi tangu alfajiri.

Hartmut kapiga simu. Huyu kaka yangu hajui salamu. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuona kwa macho yake Mama anaishije ndani ya hili gari letu la kuishi. Kule Kempten, kwenye nyumba ya wazee, wamemshikia chumba mpaka mwisho wa mwezi. Akikuta joto la kibinadamu, Mama abaki na mimi. Akikuta baridi, anaondoka naye siku hiyo hiyo. Nikamwambia watu kibao wanakuja na magari yao kambini hapa mlimani kila majira ya baridi, tena kwa raha zao. Akasema hao hawana miaka themanini na sita.

Mama alikuwa anasikia yote. Anajaza fumbo lake la maneno, kofia ya sufu kichwani.

Jumanne, 9 Januari

Bwana Kienle, jirani yetu wa kushoto, amekuja kutazama. Yeye na karavani yake ya kukokotwa wako hapa kila mwaka theluji ikianguka tu. Kafungua kisanduku cha gesi, kacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Mitungi niliyonunua Italia wakati wa vuli ni gesi ya nchi za jua! Kwenye baridi hii inalala tu chupani, haitaki kupanda. Hapa mlimani ni propani tupu, gesi isiyoogopa baridi, au ugande.

Tumebadilisha. Hita ikaamka kwa mngurumo. Jioni nyuzi ishirini na moja, hata kitandani kwa Mama. Nimeimba nikiosha vyombo. Mama akasema hongera, Irmi. Akavua kofia, akaiweka karibu.

Jumatano, 10 Januari

Sielewi. Nimerudi saa nane kutoka kazini, kantini ya lifti ya watelezaji wa theluji, mkononi nina keki ya tufaha — na ndani ni friji! Nyuzi kumi na mbili. Gesi ipo. Hita inafanya kazi kama punda. Tulipokaa kunywa kahawa joto likapanda lenyewe, kana kwamba linaniogopa.

Mama anasema hakuhisi kitu. Mama huyo mashavu mekundu kama katoka matembezini.

Alhamisi, 11 Januari

Nimemwinda mdudu huyu tangu nilipotoka kazini. Kioo cha mbele chote nimekifunika kwa pazia nene. Blanketi kuukuu mlangoni. Kisha nikapiga magoti na kuyakuta matundu sakafuni — matundu ya makusudi kabisa, na wavu juu yake! Na mengine kwenye dari! Mhandisi gani mwenye akili anatoboa nyumba ya watu? Nimeyaziba yote kwa selotepu pana, safu mbili mbili. Leo nalala nikijisifu.

Ijumaa, 12 Januari

Aibu. Bwana Kienle kaja kunywa kahawa, kaona selotepu, kaweka kikombe chini. Aliibandua mwenyewe, kipande kwa kipande, halafu ndipo akasema. Nyumba yenye jiko la gesi lazima ipumue. Kila msimu anamkuta mmoja kama mimi, na mmoja wao alitolewa kwa machela. Akaniuliza kama Mama ana maumivu ya kichwa. Anayo. Tangu jana.

Nilitaka kumtoa Mama kwenye baridi, nusura nimtoe duniani. Nimelia chooni, maana humu hakuna pengine pa kulilia.

Jumapili, 14 Januari

Nimempata! Chini ya kitanda cha Mama bomba la hewa ya moto lilikuwa limechomoka. Muda wote huu tunapasha joto masanduku ya viatu. Nimelirudisha, nikalikaza kwa kibanio. Sasa anapulizwa miguuni moja kwa moja. Akasema ni vizuri mno, akaisogeza miguu pembeni.

Kwa kuhakikisha, nimechukua ubani uliobaki. Kila mwaka baada ya Krismasi tunafukiza nyumba kufukuza mabaya, na mwaka huu tumefukiza gari. Moshi nao ni mpelelezi mzuri, upepo ukiwepo utauonyesha unakotoka. Nimepita nao kila pembe, madirisha, mlango, dari. Moshi umesimama wima kama askari. Hakuna upepo. Hata kidogo! Basi tumeshinda. Hartmut aje.

Jumanne, 16 Januari

Kumi na mbili. Tena. Nilipotoka kazini.

Jana nilikuwa sina zamu, nikashinda ndani, joto likakaa vizuri kutwa. Leo nimetoka, baridi ikaingia. Nimeketi ngazini na koti langu, akili imegota. Gari linanichukia mimi binafsi?

Bwana Kienle kaja na sanduku la vifaa, kakaa mbele ya hita muda mrefu. Kasikiliza, kapapasa, kapima. Halafu akafunga sanduku.

“Jirani, hita yako nzima kabisa,” akasema. “Lakini hakuna hita ya kupasha mlima wote.”

Akamtazama Mama. Mama akatazama fumbo lake. Bwana Kienle akamaliza kahawa, akaenda zake. Mlima wote? Nimeuliza swali la gari, nimejibiwa kitendawili. Watu wa huku nao!

Alhamisi, 18 Januari

Upepo mkali, lifti imesimamishwa, tukaambiwa turudi nyumbani. Nikapanda njia ya kambini kabla hata ya chakula cha mchana. Kutoka mbali nikaona dirisha la juu ya kitanda cha Mama limefunguliwa wazi mpaka mwisho.

Mama yuko kitandani. Koti la kanisani, kofia, glavu, blanketi mbili magotini. Anaandika na glavu zake. Kwenye mto kuna theluji. Haijayeyuka.

“Napitisha hewa,” akasema.

Sawa. Sisi sote tunapitisha hewa. Yeye ndiye aliyenifundisha: kila asubuhi fungua wazi kabisa, dakika chache, funga. Hewa nzito ndiyo mama wa magonjwa. Lakini theluji juu ya mto si ya dakika chache. Nikafunga. Nikapangusa mto. Nikasema tu, Mama, utapata kichomi. Akasema kweli, anazeeka, anasahau.

Mama hasahau. Anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa kila binamu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ukishamwona ufanyeje. Nimekasirika, tena nimekasirika sana, na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 19 Januari

Nilimkuta Bwana Kienle anazoa theluji kwa koleo lake nje, nikamuuliza. Hakutaka. Baadaye akasema: kila nikishapita kwenye kona, dirisha linafunguka. Kila nikikaribia kurudi, linafungwa. Alidhani najua.

Nimepika supu ya nyama yenye vipande vya chapati, chakula anachokipenda. Nikangoja amalize. Nikamuuliza kwa nini. Akapanga kijiko sambamba na kisahani, akakipanga tena.

“Ottilie yuko kule Kempten,” akasema, akimtaja shoga yake wa zamani. “Na Kreszenz, na yule mjane wa duka la mkate. Wanacheza karata wako watatu. Karata zetu ni za wanne, Irmi.”

Nikasema mbona hukusema. Tangu vuli! Nilikuuliza mara ngapi unapenda hapa, ukasema napenda!

“Ulikuwa umefurahi mno. Tangu Dieter akuache sijakuona umefurahi hivyo.” Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. “Nikaona, Hartmut akikuta baridi, basi ni kosa la gari. Lisiwe langu, lisiwe lako. Liwe la gari, mwanangu.”

Nilitoka nikazunguka kambi nzima bila kofia. Nimehangaika na mitungi na mabomba na matundu, kumbe nilikuwa nimemfunga yeye. Au sikumfunga? Nilimpenda! Hata sasa nampenda, na yeye akiondoka nitakaa humu na nani? Na hita? Namwogopa huyo mtu atakayebaki humu peke yake, na mtu huyo ni mimi.

Niliporudi alikuwa amelala. Au amefumba macho.

Jumamosi, 20 Januari

Joto zuri. Zuri kuliko siku zote. Nyuzi ishirini na mbili mbele, ishirini na mbili nyuma, mwongo hayupo tena. Moyoni nasema: ukimkaribisha Hartmut hivi, umeshinda. Atapapasa kuta, atakosa la kusema, atakunywa kahawa, ataondoka peke yake. Mama hatapinga. Yeye hajawahi kupinga. Atavaa kofia yake na kusema ni vizuri.

Nikimweleza Hartmut ukweli, atamgombeza Mama kwa kuchezea afya yake, kisha atanigombeza mimi, na chakula cha mchana kitakuwa mahakama. Mama kaomba nisiseme. Hakuomba kwa mdomo. Lakini kaomba.

Amevaa koti la kanisani. Ananiuliza keki iko wapi. Nimemwonyesha. 

Gari la Hartmut limepita kwenye kizuizi cha lango. Naliona. Anaongea na Bwana Kienle, Bwana Kienle ananyoosha kidole huku.

Nimepanda juu ya kitanda cha Mama na viatu vyangu. Nimefungua dirisha mpaka mwisho. Na la jikoni. Na la kwenye dari. Theluji inaingia, karatasi zinaruka. Mama amenisogezea glavu zake nivae.

Hartmut yuko ngazini, anakung'uta theluji viatuni. Anauliza humu ndani kuna nini —