Lenzi za Baba na Joho Lako

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kazi mpya haijakumaliza miguu. Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri zaidi tangu abadilishiwe dawa, ila ameanza tena kunichungulia ninapokula ahakikishe namaliza sahani. Nina miaka thelathini na minne, dada.

Najua unachosubiri. Umeniuliza mara tatu kuhusu picha za mahafali yako, na mara tatu nimekujibu kwamba bado nazisafisha. Nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utaichana barua.

Unazikumbuka lenzi tatu za baba, zile ndogo za chuma, nzito kama mawe ya mizani. Ni za kamera za zamani ambazo unalenga kwa kuchungulia kijidirisha cha pembeni, unazungusha lenzi mpaka vivuli viwili vya kitu viwe kimoja. Kamera yenyewe ilikufa kabla ya baba, lenzi zikabaki. Mwaka huu nilitia nia kupiga nazo picha za infraredi kama alivyopiga yeye kwa filamu, yaani kwa ule mwanga ambao macho yetu hayauoni, majani yakatoka meupe na anga nyeusi. Nilidhani kilichobaki ni kutafuta kamera ya dijitali tu. Kumbe nilikuwa natafuta balaa.

Kwanza nilipata ya ukoo uleule wa zamani, ila ya dijitali. Inapokea lenzi za baba bila kulazimishwa, na inauona huo mwanga bila kufunguliwa. Nikafurahi kama mjinga. Lakini infraredi hailengwi pale jicho linapolenga: kijidirisha kinakwambia uko sawa, picha inatoka na ukungu, na kamera haikuonyeshi kitu mpaka umeshapiga. Nilipiga mti mmoja mara arobaini nikapata picha mbili. Halafu ikazima jumla, na muuzaji akaniambia vipuri vyake havitengenezwi tena, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Nikamrudishia.

Nikageukia za kisasa, ambazo lenzi hizo huingia kwa adapta, ile pete ya kuunganishia, na unaona kwenye skrini kabla hujabonyeza. Hapo lenzi pana ya baba ikaanza kuvuruga pembe za picha, na ile ya kati ikaniwekea doa jeupe katikati, kila picha, kama imemwagikiwa maziwa. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikanusha la mwenzake. Mmoja alinishauri ninunue lenzi mpya niachane na vyuma vya marehemu. Huyo sijamsalimia tena mpaka leo.

Mwisho nilikwenda kwa fundi tunayemwita Kibano, kwa jinsi anavyoshika kila kitu kwa ncha za vidole, hata kikombe cha chai. Akasema nisinunue chochote. Nimpe kamera yangu ya kazi, ambayo nayo ina adapta, aifungue, atoe kile kioo chembamba cha ndani kinachozuia infraredi, na kuanzia hapo itanasa kila mwanga. Siku za harusi na sherehe nifunge filta, kioo cha kuuzuia mwanga huo, mbele ya lenzi, rangi zirudi kama kawaida. Nilikuwa nimechoka, nikamwachia siku ileile. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi nikaichukua. Mahafali yako yalikuwa Ijumaa.

Sasa nakuambia ukweli. Filta ile ni ya mdomo wa lenzi yangu ya kawaida. Lenzi za baba zina midomo midogo, haizikai. Kibano alinionya kabisa, akasema niagize ndogo na nisubiri wiki mbili. Ijumaa ile lenzi yangu ya kawaida ilikuwa begini, dada, pamoja na filta yake, na nikaziacha humo humo. Nilitaka nikupige kwa lenzi ya baba, tena nilitaka wapiga picha wenzangu waione waniulize. Picha ya kwanza tu niliona kwenye skrini kwamba joho lako jeusi limekuwa na rangi ya matofali. Nikajiambia nitarekebisha kwenye kompyuta, nikaendelea kukuamuru utabasamu, uinue kidevu. Nimekesha miezi miwili. Nikilifanya joho jeusi, uso wako nao unaharibika. Nikiondoa rangi zote, joho linakuwa la majivu. Katika picha mia mbili na kumi na nane umekuwa mwanakwaya.

Uliacha shule kidato cha pili ili mimi nisome. Ukarudi darasani na miaka arobaini, ukakaa dawati moja na watoto waliokuita shangazi. Hukuwahi kuniomba kitu ila picha moja ya joho jeusi, kwa ajili ya mama ambaye miguu ilimzuia kuja. Siku yako nikaifanya yangu. Nisamehe, sina utetezi.

Lipo na jingine. Juzi mama alikuta picha niliyoichapisha kwa majaribio, akaitia fremu na kuitundika sebuleni. Jirani akauliza mbona joho si jeusi kama la wengine. Mama akamjibu kwamba jeusi ni la waliosoma wakiwa watoto. Mwanawe alisoma huku akilea, ndiyo maana akapewa la rangi yake. Alisema bila kusita, na anaamini. Jirani aliomba aishike ile fremu.

Chuo kimekubali kuniazima joho kwa siku moja, na lenzi yangu ya kawaida iko tayari. Ukitaka, njoo tupige upya na mimi mwenyewe nitamweleza mama. Ukitaka ile ibaki ukutani, ibaki. Amua wewe. Mimi nimeshakuamulia vya kutosha.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Wasalimie wote hapo kazini.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba