Mshono Ulioutoa kwenye Picha la Kihindi

Dada Subilaga,

Jumamosi nimelishika tena gauni lako. Si lile la arusi ulilomshonea Tumpale. Lile nasikia ndugu zake walilitia moto. Hili limeshonwa Dar es Salaam na kijana mmoja wanayemwita mbunifu wa mitindo, akalileta Mbeya kwenye maonyesho ya mavazi. Mimi nilichukuliwa kupiga pasi nyuma ya jukwaa. Ndiyo, Dada, cherehani nimeiacha. Nauza mitumba sokoni Tukuyu. Siku hizi hata magauni ya arusi yanakuja kwenye belo, yamekwisha kuvaliwa na watu tusiowajua, na mabinti wetu wanayagombania.

Kijana alisema nguo zake zote amezitoa kwenye sinema za zamani. Ya mwisho ilikuwa nyeupe, haina urembo hata mmoja, na upande wake mmoja unapanda mpaka kufunika kichwa. Nilipoitoa kwenye mfuko niliutambua mshono wako. Nikaigeuza ndani nje, kama ulivyonizoesha. Pindo lilikuwa limeshikizwa kwa pini! Wewe ungelifumua lote, na maneno yako ningeyasikia wiki nzima.

Kisha mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba India nguo ya namna ile huvaliwa na mjane, na kwamba mbunifu ameifanya ya bibi arusi makusudi, ili watu wafikiri. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Niliwaona na watu wa Tukuyu mle ndani, walewale walioacha kukusalimia, wanashangilia. Wewe kwa mshono huohuo uliitwa mwenye mkosi. Yeye anaitwa msanii, tena kapewa na maua. Nilikwenda kukaa chooni mpaka hasira ikapungua, na haikupungua sana.

Wewe hukufanya makusudi. Uliipenda tu.

Unakumbuka tulivyoingia kwenye banda la video, picha lishafika katikati? Kihindi hatujui, na wa kutueleza hakuna. Tukamwona yule dada amevaa nyeupe, amejifunika kichwa, anatembea polepole, akina mama wamemshika huku na huku wanalia. Ukanibinya paja. "Gwe, tazama, wanamuaga binti." Nani angekubishia? Kwetu binti akitolewa nyumbani analia mama, analia shangazi, analia hata jirani aliyekuja kupika tu. Umeme ukakatika kabla ya mwisho, tukatoka tumeridhika kabisa.

Ukachora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mgongo wa ile nguo hatukuuona, maana yule dada alitutazama muda wote, basi ukautunga mwenyewe, na vifungo vidogo ulivyovivika kitambaa kimoja kimoja. Mikono uliitoa kwa malaika wa kwenye kalenda ya kanisa. Pindo ukalipandisha vidole vinne kwa ajili ya matope yetu. Tumpale alipoingia nalo kanisani Suma, kwaya walisahau kuanza kuimba. Ulikuwa umekaa benchi la nyuma, unajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba, kumbe unafuta machozi. Baada ya hapo walikuja mabinti mpaka kutoka Mpuguso, wote wanataka "ule wa Tumpale."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama Mhindi wa duka la nyuzi ndiye aliyeniambia. Nilikwenda kununua uzi mweupe, nikamsimulia lile picha kwa majivuno, akaniwekea mkono begani. Akasema, mwanangu, yule hakuwa anaolewa, alikuwa amefiwa. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, ili nije nikuambie wewe. Sikuja kwako. Nilikwenda bombani kuteka maji, nikawachekesha watu. Nikaigiza na jinsi ulivyonibinya. Tulicheka mpaka ndoo zikafurika. Sikuwa na ubaya, Dada, nilikuwa na mdomo tu.

Mwezi haukuisha, mume wa Tumpale akashikwa na homa, akafa. Kile kichekesho kikageuka. Wakasema fundi alimvika mwenzake ujane akijua. Mabinti wakaja kuchukua vitambaa vyao, wengine vikiwa vimeshakatwa. Uliniuliza, "Nani aliyeanza kusema?" nami nikakujibu, labda yule mama wa duka. Ukaacha kununua kwake. Ukawa unakwenda kwa miguu mbali kutafuta uzi mbaya unaokatikakatika, na mimi nimekaa hapohapo pembeni yako, nakutungia sindano.

Ulipougua hakuna aliyekuja kukuona. Yule mama alikuja, nikamzuia mlangoni nikamwambia umelala. Ulikuwa macho, unaomba chai. Niliogopa mkikutana mtaongea. Ukafa hujajua ni mimi.

Kwa hiyo nimewakasirikia watu wa Tukuyu, na kijana wa Dar nimemkasirikia, na makofi yao, lakini najua vizuri ninachokwepa. Kijana yule hajakuibia kitu. Hata jina lako hajawahi kulisikia. Mimi ndiye niliyekuchukulia jina lako nikalimwaga bombani.

Tumpale anaishi kwao Suma. Nasikia hajaolewa tena. Wanaume wanaambiwa aliwahi kuvikwa ujane. Kesho asubuhi nakwenda. Nitamwambia mbele ya mama yake na yeyote atakayekuwepo kwamba mumewe aliuawa na homa, gauni lake lilishonwa kwa mapenzi, na maneno yale yalitoka kinywani mwangu. Nikitoka huko nitapita dukani kwa yule mama. Wakinifukuza, watakuwa wamenifukuza.

Kwaheri, Dada. Ndaga fijo kwa kila kitu ulichonifundisha. Msamaha sikuombi leo, maana wewe ungenipa, na mimi ningebaki nyumbani.

Mwanafunzi wako,
Bupe